Jina linaishia wapi? Baiti moja ya sifuri na mteja ambaye hajazaliwa

Kuna mteja anaitwa Jumalah. Huyu mtu hayupo, hana mama wala shangazi, ila kwenye faili la duka moja la jumla nililopewa nihamishe data zake alikuwepo kabisa, ana namba ya simu na ana deni la saruji. Nikamuuliza mwenye duka, mzee, huyu Jumalah ni nani? Akacheka, akasema mi namjua Juma tu, zamani alikuwepo Abdallah lakini alihamia Tabora na deni lake alishalipa. Basi hapo ndo nikafungua lile faili kwa programu ya kuonyesha baiti moja moja (baiti ni kipande cha data kinachotosha herufi moja ya kawaida), nikabaki najicheka mwenyewe.

Iko hivi. Programu ya zamani pale dukani iliandikwa kwa lugha ya C, na kila mteja kapewa baiti 20 za jina, asizidi. Abdallah alipoandikwa alikaa kwenye baiti 8, ya 9 ikawa sifuri ya kufungia (na sifuri ninayosema sio ile tarakimu ya kwenye kibodi, ile ni baiti yenye thamani 48, hii ni baiti ambayo biti zake zote nane zimezimwa, mafundi tunaiita nali). Alipohama, nafasi yake akapewa Juma. Programu ikaandika J, u, m, a, ikaweka nali, ikaondoka zake, haikuwa na habari na makombo ya Abdallah yaliyobaki nyuma. Kwa hiyo kwenye diski ikawa J-u-m-a-nali-l-a-h-nali. Programu ya zamani ikisoma inafika nali ya kwanza inasimama, inaona Juma, maisha yanaendelea. Mimi nimekuja na lugha yangu ya Python nikasoma baiti zote 20, nikakata nali za mwishoni kwa rstrip nikaona nimemaliza, kumbe ile ya katikati imebaki, na nali kwenye skrini haionekani. Akazaliwa Jumalah.

Sasa madeva (waandika programu) wakikutana kuongelea hii kitu huwa wanagombania jambo moja tu, stringi (mfululizo wa herufi, kama jina) ya C inayofungwa na nali na stringi iliyotangulizwa urefu wake, ipi bora. Mi naona ugomvi umekaa pabaya. Ukizicheki ajali kubwa zilizotokea utakuta nyingi hazikutokea kwa sababu mtu kachagua njia hii akaacha ile, zimetokea kwa sababu aliyeandika anaamini jina linaishia hapa na anayesoma anaamini linaishia pale, na hakuna mahali wamekubaliana kwa maandishi. Juma aliharibiwa na mimi, programu ya zamani haikuwa na kosa lolote kwa sheria zake yenyewe.

Ila historia yake ni tamu, ngoja niigusie kidogo. Kabla ya C kulikuwa na lugha ya BCPL ya Martin Richards, na kule stringi ilitangulizwa hesabu ya herufi. Ken Thompson akatengeneza lugha ya B, akaitoa ile hesabu akaweka alama ya kufungia mwishoni, alafu Dennis Ritchie kwenye C alama hiyo ikawa nali. Ritchie mwenyewe aliandika mwaka 1993 akieleza sababu, moja ni kwamba hesabu ikikaa kwenye nafasi ya biti 8 au 9 inabana urefu wa maneno, ya pili ni kwamba waliona kutunza hesabu kunasumbua kuliko kuweka alama. Baiti 1 ya urefu mwisho wake ni 255, na ukitaka zaidi lazima utoe baiti 2, kwenye mashine za enzi zile memori ilikuwa inahesabiwa kama maji ya mgao. Mwaka 2011 Poul-Henning Kamp, jamaa wa mfumo endeshi wa FreeBSD, aliandika kwamba kubania ile baiti moja ndo kosa la baiti moja lililoigharimu dunia kuliko mengine yote. Simbishii sana, ila yeye alikuwa anaangalia zaidi upande wa memori, mi kinachoniuma ni faili.

Maana kwenye memori anayeandika na anayesoma ni programu moja, wanakula sahani moja. Faili ni kitu kingine kabisa, faili linaandikwa leo na mtu wa C na linasomwa baada ya miaka 15 na mtu wa lugha ambayo mwandishi hakuwahi kuisikia, na huyu wa pili amekuja na tabia za kwao. Chukulia mtu wa C# (lugha nyingine, sio C). Anafungua faili la duka letu kwa BinaryReader, chombo cha C# cha kusoma baiti, anaona kuna fankisheni (amri iliyo tayari) inaitwa ReadString, anafikiri ah, Mungu mkubwa, anaiita. Lakini ReadString ya C# inategemea baiti ya kwanza iseme urefu. Anachokikuta ni herufi J, na J kwenye ASCII (jedwali linaloipa kila herufi namba yake) ni 74, kwa hiyo programu inaamini jina lina urefu wa baiti 74 na inameza jina, namba ya simu, deni, na kipande cha mteja anayefuata, bila kulalamika popote. Kosa halijitokezi pale, litajitokeza mbele huko mtu atakapoona deni la mabilioni.

Na hiyo ya kumeza bila kulalamika ndo sumu yenyewe. Kosa la kusoma stringi mara nyingi halikupi ujumbe mwekundu, linakupa jina linalofanana na jina.

Cheki ID3v1, ile lebo ya kwenye MP3 iliyoanza mwaka 1996. Ni baiti 128 mwishoni mwa faili, zinaanza na neno TAG, kisha 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni na 1 ya aina ya muziki. Kwetu huku ambako wimbo mmoja una washirikishwa watatu na kila mmoja lazima atajwe la sivyo kesi, zile 30 hazikuwahi kutosha, ndo maana flashi za kwenye daladala na bodaboda zilijaa nyimbo zenye majina yaliyokatwa shingo. Hilo la kukatwa ni dogo. Kubwa ni kwamba programu nyingine zilijazia nafasi tupu kwa nali na nyingine kwa spesi ya kibodi, na jina likijaa zote 30 hakuna nali kabisa, anayesubiri nali anapitiliza hadi kwa msanii. Alafu wakaja watu na toleo la 1.1, wakachukua baiti mbili za mwisho za maoni, ya 29 wakaweka nali na ya 30 wakaweka namba ya wimbo kwenye albamu. Ujanja mzuri, maana programu za zamani zilizokuwa zinasimama kwenye nali hazikuona tofauti. Ila sisi wa kukata nali za mwisho tu tunapata maoni yenye mkia, na mkia wenyewe ni namba ya wimbo ikijifanya herufi. Wimbo wa 10 unakuongezea mstari mpya. Wimbo wa 7 ukiuchapisha kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) unaweza kupigiwa kengele, kwa sababu 7 kwenye ASCII ndo kengele. Ni lile lile kosa la Jumalah, limevaa nguo nyingine tu.

Twende kwenye makubwa sasa. Mwaka 2009 kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat kule Las Vegas, mtafiti Moxie Marlinspike alionyesha kitu ambacho mpaka leo nikikieleza watu wanashika vichwa. Vyeti vya usalama vya tovuti, vile vinavyoleta kufuli kwenye brauza, majina yake yanaandikwa kwa mtindo wa kutanguliza urefu, kwa hiyo nali ikiwa katikati ya jina ni halali, ni baiti kama baiti nyingine. Jamaa anaomba cheti cha jina lenye tovuti ya benki, kisha nali, kisha nukta na tovuti yake mwenyewe. Mtoa vyeti anaangalia mwisho wa jina, anaona tovuti ni ya huyu huyu muombaji, anasaini. Brauza za wakati ule zilikuwa zinalinganisha majina kwa fankisheni za C, zikasoma, zikafika kwenye nali, zikasimama, zikaona ni benki. Kufuli likafungwa vizuri kabisa mkononi mwa mwizi. Hapo nani alikosea? Mtoa vyeti alisoma jina lote kwa urefu uliosemwa, brauza ilisoma kama C inavyosoma, kila mmoja nyumbani kwao ni mwenye haki, na mwizi kakaa mpakani kati yao. PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, nayo iliugua ugonjwa huo huo, kabla ya toleo 5.3.4 ungeweza kumpa jina la faili lenye %00 (ndo nali ikiandikwa kwenye anwani ya tovuti) na ile .php aliyoibandika mwenye tovuti mwishoni ikapotea hewani, kwa sababu PHP inajua urefu wa stringi zake lakini anayefungua faili chini kule ni C.

Hao wote ni hadithi za kusoma. Kuandika kuna balaa lake na huku watu hawaangalii sana. Zile l-a-h za Abdallah kwenye nafasi ya Juma zilikuwa makombo ya kuchekesha, lakini fikiria nafasi ya baiti 20 inatolewa kwenye memori ambayo dakika iliyopita ilikuwa imeshika nywila ya mtu, unaandika Juma na nali, alafu unaitupa stracha nzima (rekodi yote ya mteja) kwenye faili kwa fwrite moja, amri ya C ya kuandika faili. Umeandika baiti 5 za jina na 15 za siri ya mtu mwingine. Mwaka 2003 watafiti walitoa taarifa ya kitu kilichoitwa Etherleak, madraiva ya kadi nyingi za mtandao yakikuta fremu (kifurushi cha data) ni fupi kuliko kiwango cha chini cha Ethernet, mtandao wa waya, yalitakiwa yajazie kwa sifuri, badala yake yakajazia kwa chochote kilichokuwepo kwenye memori, na hicho chochote kikawa kinasafiri mtandaoni kwa kila aliyeko karibu. Hapa ndo huwa namtetea strncpy, fankisheni ya C ya kunakili jina kwenye nafasi yenye kikomo, inayotukanwa kila siku. Watu wanaitukana kwa sababu jina likijaa nafasi yote haiweki nali, wanaona ni strcpy (ile ya kunakili bila kikomo) ya salama iliyoharibika. Haijawahi kuwa hivyo. Kwenye mifumo endeshi ya Unix za mwanzo kila ingizo la saraka lilikuwa baiti 16, 2 za namba ya inodi (namba ya kulitambua faili kwenye diski) na 14 za jina la faili, na strncpy inafanya hasa kazi ya nafasi za namna ile, inaweka jina na kilichobaki chote inakisafisha kwa nali mpaka mwisho. Fundi wa lile duka angeitumia strncpy, Jumalah asingezaliwa. Shida ni kuichukua chombo cha nafasi maalum ukaitumia kwa stringi ya kawaida, kama mtu anayepimia unga kwa futi kamba. Tar, fomati ya kufungasha faili nyingi kuwa moja, nayo ina hali hiyo, jina la faili lina baiti 100, na likifika 100 kamili hakuna nali ya kukupokea, anayeisoma kwa strlen (inayohesabu mpaka ikute nali) anaingia kwenye namba za ruhusa za faili.

Mpaka hapa mtu atasema basi si tutumie urefu tu yaishe. Mi pia nilikuwa nasema hivyo mpaka 2014, mwezi wa nne, ilipotoka Heartbleed, tundu la usalama kwenye OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni. Kule OpenSSL hakukuwa na suala la nali kabisa. Ujumbe ulikuwa na urefu wake umetangulizwa, baiti 2, kila kitu safi kama kitabu kinavyosema. Anayeuliza anatuma neno dogo na kusema neno langu lina baiti elfu sitini na kitu, naomba unirudishie, na seva inamrudishia neno lake pamoja na kipande cha memori yake, karibu kilobaiti 64 kwa mpigo, humo ndani majina, nywila, wakati mwingine hata ufunguo wa siri wa seva. Urefu uliandikwa vizuri, ila haukukaguliwa. Urefu ukitoka kwa mtu usiyemjua ni maneno ya dalali, unayasikiliza kisha unaenda kupima kiwanja mwenyewe.

Kwa hiyo msimamo wangu kwenye faili na kwenye mtandao ni huu, tanguliza urefu, kagua urefu huo dhidi ya kikomo ulichoweka na dhidi ya baiti zilizobaki kwenye faili, na amua mapema kama nali inaruhusiwa ndani ya jina au la, kisha iandike hiyo kwenye maelezo ya fomati hata kama ni sentensi moja. Kama fomati ulirithi na inatumia nali, basi kata kwenye nali ya kwanza, usikate za mwishoni. Kwa Python ni split(b'\0', 1)[0], hiyo tu ingeniokolea siku mbili. Na ukisoma baiti moja moja ukisubiri nali, weka kikomo. Nimeona kodi nyingi sana za Python zinazunguka kwa read(1) mpaka zikute nali, faili likiwa limekatika katikati read inarudisha baiti tupu, tupu sio nali, programu inazunguka milele na feni ya laptopu inalia kama jenereta, alafu mtu anasema kompyuta yake mbovu.

Mfano wa fomati iliyofikiriwa ni PNG, ile ya picha. Kipande chake cha maandishi kinaitwa tEXt, kinatanguliza urefu wa kipande kwa baiti 4, ndani kuna neno kuu la baiti 1 mpaka 79, kisha nali moja kama ukuta, kisha maandishi mpaka kipande kinapoishia, na mwisho hakuna nali nyingine. Njia zote mbili ziko humo na hazigombani, kwa sababu kila moja imeambiwa kazi yake na mpaka wake. Ukikosa nali ndani ya baiti 80 za kwanza unajua faili ni bovu, unalikataa, unaendelea na maisha.

Bado kuna suala la herufi zenyewe, na hili sisi wa Kiswahili tunajidanganya kwamba halituhusu kwa kuwa lugha yetu inakaa kwenye ASCII. Juma kwenye UTF-16 (njia moja ya kuandika herufi za lugha zote kwa baiti) ni baiti 8, J-nali-u-nali-m-nali-a-nali kwa mashine za kawaida, anayesubiri nali moja anaondoka na J peke yake. UTF-8, njia nyingine waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992 iliondoa hilo, humo nali haitokei ndani ya herufi yoyote nyingine. Lakini chukua jina Mwanakombo Ng'wandu, mama wa pwani baba Msukuma. Ukiliandika kwa kibodi ya kompyuta na ile alama ya juu ya kawaida ni baiti 19, ukiongeza nali inakuwa 20, linaingia kwenye nafasi ya duka letu kama limepimwa na fundi cherehani. Mwandike kwa simu, simu ikajifanya inajua ikageuza ile alama kuwa ya mkunjo, alama moja hiyo kwenye UTF-8 ni baiti 3. Jina kwa macho ni lile lile, herufi zile zile 19, ila sasa ni baiti 21 na halienei hata bila nali. Ukilikata kwenye 19 ili nali ipate kiti unampa mtu jina la Ng’wan, na bahati mbaya zaidi ukikuta jina ambalo mkasi unaangukia katikati ya zile baiti 3, unaacha kipande cha herufi ambacho si herufi, ndo yale maboksi na alama za kuuliza tunayoyaona kwenye risiti. Wengi wetu tukipima tunapima herufi, diski inapima baiti.

Faili jipya la lile duka sasa linatanguliza urefu kwa baiti 2, maandishi ni UTF-8, nali ndani ya jina inakataliwa, na kabla ya kusoma jina kuna mistari mitatu ya kukagua urefu ambayo mwenye duka hajui kama ipo wala hajawahi kuiulizia. Alichouliza ni deni la saruji ni la nani. Tukaangalia tarehe, lilikuwa la Juma, na Juma akalipa, ila pale dukani mpaka leo wanamuita Jumalah.